Uji mwekundu wa mtama na ulezi: chakula kizuri, lakini si dawa ya damu

Kuna swali moja ambalo linarudi mara nyingi tunapokaa pamoja: je, kinywaji chekundu kinaongeza damu? Siku hizi swali hilo limepata nguvu mpya kwa sababu ya video zinazopita kwenye simu. Zinasifu kinywaji cha mahindi ya zambarau kutoka nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Wanaozitengeneza wanasema kinashusha tansio, kinasafisha damu, kinapunguza unene, hata kinazuia kansa. Mama anayesikia hayo anajiuliza kama na yeye atafute mbegu za mahindi hayo, ama kama uji mwekundu aliokunywa kwa bibi yake unafanya kazi ile ile.

Tumeona vema kulieleza jambo hili pole pole, kwa sababu ndani yake kuna habari njema na kuna hatari. Habari njema ni kwamba nafaka zetu nyekundu, yaani mtama na ulezi, zina nguvu ya kweli kwa mama na mtoto, na hazihitaji kutoka mbali. Hatari ni kwamba mama anaweza kuona mtoto wake amepauka, akamnywesha kitu chekundu siku tatu, nne, akingoja damu irudi, kumbe malaria inaendelea kuimaliza.

Kinywaji cha Peru ni kitu gani?

Watu wa milima ya Andes wamelima mahindi ya zambarau tangu zamani sana. Gunzi lake na punje zake zote zina rangi nzito, karibu nyeusi. Ili kutengeneza kinywaji wanachokiita chicha morada, wanachemsha magunzi hayo katika maji pamoja na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu. Maji yakisha kuwa ya zambarau wanachuja, wanaacha yapoe, kisha wanatia sukari na maji ya ndimu. Hakina pombe. Wanakunywa watoto na wakubwa, nyumbani na kwenye sherehe, kama vile sisi tunavyokunywa juisi ya maracuja.

Rangi ile inatoka kwenye kitu ambacho wataalamu wanakiita antosiani. Antosiani ni rangi ya mimea. Iko pia kwenye ganda la bilinganya, kwenye kabichi la zambarau na kwenye maua mekundu ya ngai-ngai ambayo watu wa Senegal wanayapikia bissap na watu wa Sudan karkade. Ukitaka kuitambua, chukua maji ya rangi hiyo uyatie matone ya ndimu: yatakuwa mekundu zaidi. Ukiyatia maji ya majivu, yatageuka kuelekea bluu au kijani.

Wataalamu wamechunguza antosiani kwa sababu inasaidia kulinda mwili dhidi ya uharibifu mdogo mdogo unaotokea kila siku ndani yake. Ni kweli kwamba matokeo kadhaa yanatia moyo. Lakini kwa mahindi ya zambarau, uchunguzi mwingi umefanywa kwa panya na katika maabara. Ule uliofanywa kwa watu ni mdogo na wa muda mfupi. Pia kinachochunguzwa mara nyingi ni dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mahindi hayo, yenye rangi nyingi kuliko ile iliyo kwenye glasi moja ya kinywaji chenye sukari. Kwa hiyo mtu anayesema kinywaji hicho kinaponya tansio au kansa amepita mbali kuliko wataalamu wenyewe.

Sisi tuna cha kwetu

Mahindi si mmea wa asili ya Afrika. Yalianza kulimwa Mexico, yakafika kwetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, katika miaka ya 1500. Hata leo mama akimenya mahindi ya kienyeji anaweza kukuta gunzi lenye punje nyekundu au za zambarau kati ya nyeupe. Rangi hiyo ni ya ukoo ule ule.

Mtama na ulezi, kinyume chake, ni watoto wa Afrika. Mtama ulianza kulimwa upande wa mashariki ya Sudan zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Ulezi, ambao wengine wanauita bulo, ulianza katika milima ya Afrika ya Mashariki. Mababu zetu walizijua nafaka hizi kabla ya kuona muhindi wala muhogo. Huko Mahagi na Aru familia nyingi bado zinakula ugali wa mtama au ulezi uliochanganywa na unga wa muhogo. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, watu wa Ankole na Kigezi wana bushera, uji mwembamba wa mtama au ulezi ambao mtoto anakunywa ukiwa mtamu na mkubwa anakunywa ukiwa umechacha. Hapa Bunia, unga wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, unajulikana kwa kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kwenye CPS.

Mtama mwekundu una rangi za ukoo wa antosiani, tena za aina ambayo ni nadra kuipata kwenye vyakula vingine na ambayo inavumilia moto kuliko ile ya mahindi ya Peru. Kama ni rangi tu unayoitafuta, unayo tayari kwenye soko letu. Lakini faida kubwa ya nafaka hizi inatoka mahali pengine, na tutafika huko.

Rangi na damu ni vitu viwili

Damu ni nyekundu kwa sababu ndani yake kuna madini ya chuma. Chuma hicho kinakaa katika chembe nyekundu na ndicho kinachobeba hewa kutoka mapafuni hadi kila sehemu ya mwili. Rangi ya mtama, ya bilinganya au ya soda haina chuma, na haigeuki kuwa damu hata ukiinywa beseni zima. Kitu chekundu hakiongezi damu kwa sababu ya wekundu wake. Mayai na samaki wadogo si vyekundu, na bado vinasaidia kutengeneza damu. Maini yanasaidia sana, kwa sababu ya chuma na vitamini vilivyomo.

Je, mtama na ulezi zina chuma? Ndiyo, zinacho, kuliko unga wa muhogo na unga mweupe wa mahindi uliokobolewa. Tatizo ni kwamba ndani ya ganda la nafaka kuna kitu kinachoitwa fitati, na ndani ya mtama mwekundu kuna tanini, ile ile inayokausha mdomo unapokunywa chai kali. Fitati na tanini zinashika chuma tumboni, kikapita na kutoka bila mwili kukipata. Ndiyo sababu uji mwekundu uliopikwa haraka haraka, ukanywewa na chai pembeni, unaweza kumpa mtoto chuma kidogo sana.

Mababu zetu hawakujua maneno fitati na tanini, lakini walijua namna ya kuzipunguza: walichachusha unga na waliotesha nafaka. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka irudi katika nyumba zetu.

Faida zinazoaminika

Kwanza, nguvu na protini. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 1 au 2 tu. Mtama una gramu 10 hivi, na soya ina gramu 35 hivi. Familia nyingi zilizokimbia Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017 ziliacha mashamba, na leo zinanunua unga kwa kopo. Inapobidi kununua, unga wa muhogo mara nyingi ndio unaojaza tumbo kwa franka kidogo. Unajaza kweli, lakini haujengi mwili wa mtoto. Kuchanganya kopo moja la mtama na soya kidogo ndani ya chakula cha wiki kunaleta tofauti kubwa.

Pili, mifupa. Hapa ulezi unashinda nafaka zote. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu karibu miligramu 340, wakati maziwa ya ng'ombe yana miligramu 120 hivi na unga wa mahindi uko chini ya 20. Mwili hauchukui yote, kwa sababu ya fitati tulizozitaja. Hata hivyo, kwa mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha na mtoto anayekua, katika nyumba ambamo maziwa ni ya kununua kwa shida, ulezi ni msaada mkubwa.

Tatu, tumbo na sukari ya damu. Unga wa nafaka nzima una nyuzinyuzi zinazosaidia choo kutoka vizuri. Wanga wa mtama unameng'enywa pole pole, mtu anakaa ameshiba muda mrefu. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari, uji mzito wa mtama usio na sukari ni bora kuliko mkate mweupe na chai tamu. Lakini na huo una wanga. Apime kiasi chake, asiache dawa zake.

Nne, maziwa ya mama. Wengi wanasema uji mwekundu unaleta maziwa. Uji unampa mama maji na nguvu, vitu ambavyo anayenyonyesha anavihitaji kweli. Lakini kinachoita maziwa ni mtoto mwenyewe kunyonya mara nyingi, mchana na usiku. Mama aliyetoka kuzaa aletewe uji na wakwe zake na majirani, akinywa huku anaendelea kunyonyesha.

Na tansio je? Kwa tansio tuseme wazi: uji hauiponyi. Mwenye tansio apunguze chumvi na kubu, atembee, apimwe, anywe dawa zake kila siku alizopewa na munganga. Uji wa nafaka nzima bila sukari ni chakula kinachomfaa, na mwisho wake ni hapo.

Namna tatu za kutayarisha

1. Uji uliochachushwa. Chukua unga wa mtama au ulezi, changanya na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, uwe kama maji mazito. Funika vizuri, weka mahali penye joto siku moja hadi mbili, mpaka unuke uchachu mzuri. Ukiwa na uji mbichi wa mara iliyopita uliochacha vizuri, tia kikombe kimoja ndani kama mbegu, kazi itaenda haraka. Kisha pika uji wako kama kawaida mpaka uchemke vizuri. Uchachu unapunguza fitati, chuma kinapita vizuri zaidi, na asidi yake inazuia vijidudu vingi kuzaana. Ukiona ukungu juu, ama harufu ni ya kuoza, mwaga.

2. Uji wa kimea. Loweka ulezi usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji, tandaza punje kwenye kitambaa safi, funika na kitambaa chenye unyevu, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili utaona mizizi midogo. Anika juani mpaka ikauke kabisa, sugua mizizi itoke, pepeta, kisha saga. Tunashauri kutumia ulezi kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu kama ile ya muhogo mchungu. Ukiotesha mtama, lazima usugue na kuondoa machipukizi na mizizi yote baada ya kukausha, na uupike sana.

Kimea hiki kina siri nzuri. Pika uji mzito, mzito kabisa, kama ugali laini. Ipua, acha upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha supu cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji utalainika na kuwa wa kunyweka, bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpe mtoto. Tanzania, miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe ilifundisha wamama njia hii kwa sababu inajibu tatizo kubwa: tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 anaweza kupokea mililita 240 hivi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja. Kikombe kikiwa na maji mengi na unga kidogo, atashiba na kubaki na njaa ya mwili. Kwa kimea, kikombe kile kile kinabeba unga mwingi zaidi.

3. Masoso ya nyumbani. Pima vikombe viwili vya mtama, kimoja cha mahindi na kimoja cha soya. Kaanga soya mpaka ziive na ganda litoke, maana soya mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini. Saga vyote pamoja kwenye mashini. Mtoto aliyefikisha miezi 6 anaweza kuanza, pamoja na kuendelea kunyonya. Pasipo soya, tumia karanga safi zilizosagwa laini, au ndakala waliokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja ndani ya kikombe cha uji.

Baada ya kupika, fikiria kinachokwenda pamoja na uji. Vitamini C inafungua njia ya chuma. Kamulia ndimu ndani ya kikombe, ama mpe mtoto kipande cha papai, chungwa au pera mara moja baada ya kunywa. Chai na kahawa zinafunga njia hiyo. Ziache zikae mbali na chakula kwa saa moja au zaidi, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Mama mwenye mimba anayepewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kwenye CPN avinywe na maji au juisi ya ndimu, asivinywe na chai wala pamoja na uji wa mtama mwekundu.

Mambo manne ya kuogopa

Ukungu. Nafaka iliyohifadhiwa na unyevu inaota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Moto wa jiko hauiondoi yote. Mwaka 2004, Kenya, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Hata kidogo kidogo kila siku inaharibu ini na inasemekana kuzuia watoto kukua. Kwa hiyo, kabla ya kusaga, tandaza nafaka na karanga, chagua moja moja, tupa iliyovunjika, iliyobadilika rangi au iliyonyauka. Usinunue unga usioujua kwa sababu tu bei imeshuka. Usiwape kuku ile uliyoitupa, maana sumu inaweza kurudi kwako.

Sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari kwa siku, na ingefaa zaidi asipite 25, yaani vijiko 6 vya chai. Video za kinywaji cha Peru hazionyeshi vizuri ile glasi ya sukari inayomiminwa ndani. Uji wa mtoto utiwe ndizi iliyoiva iliyopondwa. Asali asipewe mtoto kabla ya mwaka mmoja.

Pombe. Nafaka ile ile ikichacha muda mrefu na kimea ndani, inakuwa bia ya kienyeji. Ikipitishwa motoni na kukusanywa mvuke, inakuwa kali kama kaikpo. Tusidanganyane kwamba ni chakula. Mama mwenye mimba na mtoto wasinywe hata kidogo. Uji wa kuchacha siku moja au mbili ambao umechemshwa ndio unaofaa.

Maji na mikono. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila mlango wa Bunia ulikuwa na ndoo ya kunawia. Ndoo nyingi zimeondoka, na kuhara kumebaki. Uji bora uliopozwa kwa maji machafu, ama ulioachwa wazi tangu asubuhi mpaka jioni, unamrudisha mtoto nyuma kuliko kukosa uji. Pika kiasi cha kumalizika. Ukibaki, chemsha tena kabla ya kumpa. Tumia kikombe na kijiko, achana na biberoni, ambayo ni vigumu kuisafisha.

Lini uache sufuria na kukimbia kituo cha afya

Damu ya mtoto inapungua kwa sababu nyingi. Kwetu ya kwanza ya kufikiria ni malaria. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Vimelea vya malaria vinavunja chembe nyekundu kwa haraka, na mtoto aliyecheza Jumatatu anaweza kuwa katika hatari ya kufa Jumatano. Minyoo pia inanyonya damu. Kuna ukosefu wa chuma kwenye chakula. Kuna ugonjwa wa SS, ambao mtoto anazaliwa nao. Kwa kila moja dawa ni tofauti, na hakuna hata moja ambayo uji unaweza kuitibu peke yake.

Tazama kiganja cha mtoto, kilinganishe na chako. Vuta chini ukope wa jicho, tazama ndani. Kama kumepauka, kumekuwa kweupe, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Usingoje kesho kama ana homa, anahema haraka, amelegea, anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa. Damu ikiwa imeshuka sana, anahitaji kuongezewa hospitalini, na kila saa ina maana.

Angalia na miguu. Bonyeza kwa kidole juu ya unyayo; kama shimo linabaki pande zote mbili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali. Kama mtoto amepimwa mkono kwa kamba ya rangi na imesimama kwenye nyekundu, yaani chini ya milimita 115, naye anahitaji matibabu na chakula maalum cha kituo, hata akiwa anacheka. Hapo masoso hayatoshi. Yatarudi kazini akisha kupona, ili asianguke tena.

Nasi tuseme na hili: mama anayechelewa si mara zote mjinga au mvivu. Mara nyingi hana franka za matibabu, njia si salama usiku, au mume yuko mbali na watu wa nyumbani wanamwambia angoje. Ndiyo sababu kikundi kipo. Sanduku la akiba la kikundi liwe na sehemu ndogo ya dharura ya watoto, ambayo mama anaweza kukopa siku ile ile bila kusubiri mkutano. Na jirani ambaye amejifunza kutazama kiganja anaweza kumwambia mwenzake, "Dada, huyu tumpeleke sasa."

Kazi ya vikundi

Kikundi kinaweza kuanza na kidogo. Wamama kumi wakichanga, wananunua mtama, ulezi na soya kwa wingi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, badala ya kununua kopo kwa kopo. Wanachagua nafaka pamoja, wanaanika pamoja, wanasaga mara moja na kugawana. Kimea kitengenezwe na mama mmoja au wawili wenye mahali pasafi, wengine wapate kila mmoja kopo dogo. Kwa wale wanaoishi kwenye kambi kama Kigonze, ambako makala ni ghali, kupika sufuria moja ya uji kwa watoto wa majirani wanne au watano kunapunguza moto na kunapa mtoto chakula cha asubuhi.

Pale penye kipande cha ardhi, hata nyuma ya nyumba, tupande lenga-lenga, papai na maracuja kando ya mtama. Majani na matunda hayo ndiyo yanayofungua mlango wa chuma kilichomo katika uji. Mizee yetu waliobaki, hasa wale waliotoka Mahagi, Aru na Djugu, waulizwe mbegu gani za mtama walizilima na walivyozichachusha. Ujuzi huo ukipotea hatutaupata tena dukani.

Wiki hii, kila mama ajaribu mambo mawili tu: kuchachusha unga wa uji usiku mmoja kabla ya kuupika, na kukamulia ndimu ndani ya kikombe. Jumamosi kwenye mkutano, kila mmoja alete habari: watoto waliupokea namna gani, nani alikosa nafaka, nani aliona kiganja kilichopauka na alifanya nini.